Upanga wa +1 mbele ya 10/fedha: jinsi punguzo la madhara linavyohesabiwa

“Tunacheza Dungeons & Dragons toleo la 3.5, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, na wahusika wetu wako ngazi ya 6. Juzi tulipambana na mtu-mbwamwitu mwenye punguzo la madhara la 10/fedha. Mimi ni mwizi. Nilimchoma kwa upanga mfupi wa +1 unaowaka moto, ambao nilikuwa nimeupaka sumu, nikapata 4 za upanga, 5 za shambulio la kuvizia na 4 za moto, jumla 13. Nilidai ziingie zote, kwa sababu upanga wa +1 ni silaha ya uchawi. Mwendesha mchezo alifuta zile 4 za upanga tu, akaacha 9 ziingie, na sumu akairuhusu. Mpiga mishale wetu aliachia mishale miwili kwa mkupuo, mmoja ukapata 8 na mwingine 7. Mwendesha akajumlisha 15, akatoa 10. Mchawi wetu akarusha vishale vitatu vya uchawi, 4, 3 na 5, na kila kimoja kikafutwa kabisa. Baadaye mchawi wa upande wa adui akamwekea ngozi ya mawe, uganga (tendo la uchawi) unaompa punguzo lingine la 10, na mwendesha akasema sasa punguzo ni 20, kwa hiyo mpiganaji wetu aliyepata 18 kwa upanga wa mikono miwili hakumwumiza hata kidogo. Mwenzetu mwingine naye anashikilia kwamba 10/fedha maana yake ni kuwa silaha za fedha ndizo zinazopunguzwa. Tuligombana mpaka tukaacha mchezo katikati. Nani alikuwa sahihi?”

Ndugu msomaji, pole kwa usiku ulioharibika. Nimeyapitia mapigo yote uliyoyataja, na ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa sahihi kwa yote, wala sioni dalili kwamba mwendesha mchezo wenu alikuwa akimpendelea yule kiumbe. Kabla ya ngozi ya mawe, hesabu yake iliwapa madhara 14: yako 9, ya mishale 5, na ya vishale sifuri. Kwa sheria za toleo la 3.5 mlistahili 16, ila kwa njia tofauti kabisa: wewe 4, mpiga mishale sifuri, mchawi 12. Tofauti ya jumla ni ndogo, lakini tofauti ya nani amefanikiwa na nani amekwama ni kubwa, na hapo ndipo ugomvi wa mezani huzaliwa.

Nianze na mwenzenu wa mwisho, kwa kuwa kosa lake ndilo linalowapata wengi wanaoliona punguzo la madhara kwa mara ya kwanza. Namba iliyo kabla ya mkwaju (/) ni kiasi kinachotolewa katika kila pigo. Neno lililo baada ya mkwaju si kile kinachopunguzwa, bali ni kile kinacholivuka punguzo. Kwa hiyo 10/fedha husomwa hivi: kila pigo la silaha hupungua kwa 10, isipokuwa silaha hiyo iwe ya madini ya fedha. Kiunzi cha mifupa kina 5/silaha butu, maana yake panga na mikuki humwumiza kidogo lakini rungu humvunja kama kawaida. Pakiwa na mstari mtupu baada ya mkwaju, hakuna kinacholivuka: ndivyo ilivyo kwa shujaa wa kishenzi, ambaye akifika ngazi ya 7 hupata 1 na mstari. Na pakiwa na maneno mawili, angalieni sana kiunganishi. Pepo mdogo aitwaye imp ana 5/wema au fedha, basi kimojawapo kinatosha. Mnyonya damu ana 10/fedha na uchawi, kwa hiyo kisu cha fedha kisicho na uchawi hakimfai kitu, wala upanga wa uchawi usio wa fedha.

Sasa dai lako wewe. Upanga wa +1 ni silaha ya uchawi, hilo ni kweli, na ungemvuka jini-sanamu wa mawe aitwaye gargoyle, ambaye ana 10/uchawi. Lakini uchawi si fedha, na toleo la 3.5 halibadilishani kimoja kwa kingine. Nadhani najua dai hilo lilikotoka. Katika toleo la tatu la mwaka 2000 kulikuwa na jedwali la daraja za silaha, na ndani yake silaha ya +1 ilihesabiwa kuwa juu ya fedha. Aliyekuwa na upanga wa +1 aliweza kumwumiza mtu-mbwamwitu bila kuhangaika kutafuta fedha. Marekebisho ya mwaka 2003, ndiyo hayo tunayoyaita 3.5, yalifuta jedwali hilo, yakashusha namba nyingi, na yakakifanya kila kitu kinachotajwa baada ya mkwaju kiwe sharti linalojitegemea. Kisha Pathfinder, mchezo mwingine wa mwaka 2009 uliojengwa juu ya sheria hizo za 3.5, ukarudisha sehemu ya mpango wa zamani: silaha ya +3 huhesabiwa kama fedha na chuma baridi, ya +4 kama adamantini (madini magumu ya kubuni), na ya +5 huvuka hata masharti ya wema na uovu. Mchezaji aliyepitia vitabu viwili au vitatu kati ya hivyo hubeba kichwani sheria ya kimoja akaileta kwenye meza ya kingine bila kujua. Hata hivyo, mnacheza 3.5, na kwa 3.5 upanga wako haukulivuka punguzo la fedha.

Tukubaliane basi kwamba upanga haukuvuka. Swali linalofuata ni kipi katika zile 13 kinaguswa na punguzo, na hapa ndipo utaratibu wenyewe unapohitaji kueleweka kwa utulivu. Punguzo la madhara hutazama madhara ya silaha na ya mashambulizi ya asili, yaani meno, kucha, ngumi na mfano wake. Haligusi moto, baridi, asidi, umeme wala sauti, hata kama moto huo ni wa kawaida usio na uchawi wowote. Haligusi pia madhara ya uganga unaotupwa wala ya uwezo unaofanana na uganga. Moto unaowaka kwenye upanga wako umebebwa na upanga, lakini si madhara ya upanga. Ni moto, nao unaingia wote, 4.

Shambulio la kuvizia ni jambo lingine. Mwendesha wenu alilichukulia kama kitu cha pembeni kinachopita upande wa pili wa punguzo, na naelewa kwa nini: dadu zake hurushwa peke yake, na jina lake ni tofauti. Lakini madhara hayo yanatoka kwenye ncha ileile, yameingia mahali pa hatari zaidi, kwa hiyo ni sehemu ya pigo lilelile na ni ya aina ileile. Kadhalika nguvu za mkono, nyongeza ya uchawi ya upanga, na hata pigo la hatari linalozidishwa mara mbili: vyote hujumlishwa kwanza, kisha punguzo hutolewa mara moja. Pigo lako la upanga basi lilikuwa 4 na 5, yaani 9. Ukitoa 10, unabaki na sifuri. Moto 4 ukaingia. Jumla yako halisi ni 4.

Swali la sumu nimeliacha peke yake makusudi, kwa sababu ndilo gumu kuliko yote uliyouliza, na mtu akikwambia lina jibu moja lililoandikwa wazi, hajalisoma kwa makini. Sheria inasema kwamba punguzo likifuta madhara yote ya shambulio, linafuta pia sehemu kubwa ya mambo yanayoambatana na shambulio hilo, ikiwemo sumu inayoingia kwa jeraha, ugonjwa unaoingia kwa jeraha, na pigo la mtawa linalomfanya adui azubae. Papo hapo sheria inasema punguzo haliuzuii moto unaoambatana na pigo. Sasa shambulio lako limefutwa, au halikufutwa? Anayesoma maneno kama yalivyo anaweza kusema: shambulio lilileta madhara 4, kwa hiyo halikufutwa lote, sumu iingie. Hoja hiyo si ya kipuuzi, na kama mwendesha wenu aliifuata alikuwa na pa kusimamia.

Mimi hata hivyo nalisoma kwa namna nyingine, na sababu yangu ni jinsi jambo lenyewe linavyotendeka. Sumu ya aina hii huhitaji ngozi ipasuke. Moto ulimwunguza mtu-mbwamwitu, lakini chuma hakikumchana: ama upanga ulidunda, ama jeraha lilijifunga papo hapo, na hizo ndizo picha mbili ambazo kitabu chenyewe kinazitoa kueleza punguzo la madhara. Moto haukupakwa sumu, ila upanga. Kwa hiyo mezani kwangu sumu isingeingia. Kama pigo lako la upanga lingekuwa 11 badala ya 9, pointi 1 tu ingepenya, na pointi hiyo 1 ingetosha: sumu ingeingia kikamilifu, na mtu-mbwamwitu angelazimika kurusha dadu ya ustahimilivu kama kiumbe mwingine yeyote. Hakuna sumu nusu. Na usichanganye na sumu ya kugusa, ya kuvuta pumzi au ya kula, kwa kuwa punguzo halina habari nazo.

Mpiga mishale wenu alihurumiwa bila kujua. Kipaji cha kuachia mishale mingi kwa mkupuo hutumia mrusho mmoja wa shambulio, na ndiyo maana watu hudhani ni pigo moja. Lakini maelezo ya kipaji hicho yanataja waziwazi kwamba punguzo la madhara hutumika kwa kila mshale peke yake. Ni kama daladala: mkipanda wawili mkiwa mmeshikana mikono, konda bado atadai nauli mbili. Mshale wa 8 ulitakiwa kulipa 10, ukaishia sifuri. Wa 7 vivyo hivyo. Hili linauma, nami simlaumu mpiga mishale akikasirika, kwa sababu wanaopiga mapigo mengi madogo ndio wanaoumizwa zaidi na punguzo, huku anayepiga pigo moja zito akilihisi kidogo. Hilo limekusudiwa. Wachezaji wa Pathfinder hiyo wana kipaji cha kuunganisha mishale yote iliyompata adui mmoja kabla ya kutoa punguzo, lakini nyinyi hamna kitu hicho katika 3.5.

Kwa mchawi wenu kosa lilikwenda upande mwingine, na hili ndilo ningependa mwendesha alirekebishe kwanza. Vishale vya uchawi vina jina la silaha, vinaruka kama silaha, lakini ni uganga. Kila pointi ya zile 12 ilipaswa kuingia. Kumnyima mchawi madhara ya uganga wake mbele ya kiumbe mwenye punguzo ni kumnyima kazi yake katika pambano lile, kwa kuwa viumbe wa namna hii wamewekwa ili mwenye upanga akikwama, mwenye uganga asogee mbele. Hata uganga unaoangusha mvua ya barafu na kuponda kwa uzito wa mawe ya barafu hauguswi, ingawa madhara yake ni ya kuponda, kwa sababu chanzo chake ni uganga na si silaha.

Kuhusu ngozi ya mawe, punguzo mbili hazijumlishwi kamwe. Kiumbe mwenye punguzo kutoka vyanzo viwili hutumia lile linalomfaa zaidi kwa pigo lililopo. Mtu-mbwamwitu alikuwa na 10/fedha kwa asili yake na 10/adamantini kwa uganga, kwa hiyo punguzo lake lilibaki 10. Mpiganaji wenu aliyepata 18 alitakiwa kumtoa pointi 8 za uhai.

Lakini kuna jambo hapa ambalo ni gumu kuliko mlivyodhani, na linawahusu mkikutana naye tena. Tuseme mna kisu cha fedha. Kinavuka punguzo la asili, ila hakivuki ngozi ya mawe, kwa hiyo bado kinapungua kwa 10. Tuseme mna upanga wa adamantini. Unavuka ngozi ya mawe, ila unakutana na lile la fedha, tena 10. Hata mafuta ya fedha yanayouzwa vipande 250 vya dhahabu kwa chupa, ambayo huipa silaha sifa ya fedha kwa saa moja, hayawasaidii mkiyapaka kwenye adamantini, kwa sababu maelezo yake yanasema yanachukua nafasi ya sifa ya madini mengine yaliyokuwapo. Ngozi ya mawe, kwa upande wake, ina kikomo: hufyonza pointi 10 kwa kila ngazi ya aliyeitupa, na mwisho wake ni 150. Mchawi wa kawaida hawezi kuitupa kabla ya ngazi ya 7, basi mtegemee isiyopungua 70, itakayodumu dakika 70 au zaidi. Njia fupi ni kuufuta uganga huo, kisha kurudi na fedha. Njia ndefu ni kuipiga mpaka iishe, na hapo inazuka hoja ambayo sheria haikuimaliza: punguzo mbili zikiwa sawa, je, pointi zinakatwa kwenye akiba ya ngozi ya mawe au la? Ningezikata. Kinyume chake uganga huo usingeisha kamwe kwa silaha za kawaida, nao umeandikwa ili uishe.

Mkijiandaa kwa pambano lijalo, fedha si ghali. Kisu cha fedha ni vipande 22 vya dhahabu, upanga wako mfupi ungekuwa 30 kabla ya uchawi, na kila mshale wa fedha huongezeka vipande 2 tu. Gharama yake nyingine ni kwamba silaha ya fedha hupoteza pointi 1 ya madhara. Kwa mwizi hiyo si hasara ya kukufanya usite: pigo lako la 9 lingekuwa 8, lakini 8 zote zingeingia, pamoja na moto, pamoja na sumu. Kama hamna fedha kabisa, chupa ya moto wa mwanaalkemia ni vipande 20 na ya asidi ni 10, na madhara yake yote mawili hayajui punguzo ni nini.

Kuna mambo mawili mnayopaswa kumwuliza mwendesha wenu, na nashauri muulize ana kwa ana, siku isiyo ya mchezo, mkiwa na kitabu cha viumbe mkononi. La kwanza ni aina ya mtu-mbwamwitu mliyekutana naye. Aliyezaliwa hivyo ana 10/fedha, lakini aliyeambukizwa kwa kung'atwa ana 5/fedha tu, na wote wawili hawana punguzo lolote wakiwa katika umbo la binadamu. Kama huyu aliambukizwa, hesabu zote hapo juu zinabadilika: pigo lako la upanga lingepenyeza pointi 4, sumu ingeingia bila ubishi, na mishale ingempa 3 na 2.

La pili ni kama aliwaambia kwamba mapigo yenu hayakufanya kazi. Sheria inampa mshambuliaji haki ya kulijua hilo. Anaona jeraha likijifunga au chuma kikidunda. Haimlazimu mwendesha kutaja fedha, lakini inamlazimu kuwaonyesha kwamba kuna kitu hakiko sawa, ili mbadilishe mbinu kwa hiari yenu badala ya kupiga gizani raundi baada ya raundi.

Akishikilia hukumu yake kuhusu sumu, mwachieni. Ni mahali panapohitaji hukumu, na yeye ndiye aliyepewa kazi hiyo. Mwombeni tu aiandike, ili siku ambayo adui atawachoma nyinyi kwa kisu cha moto chenye sumu, na mmoja wenu ana ngozi ya mawe, hukumu iwe ileile. Kuhusu vishale vya uchawi, shambulio la kuvizia, mishale miwili na kujumlisha punguzo, maandishi yako wazi, na mkiyasoma pamoja kwa sauti hamtahitaji mwamuzi wa nje. Ila kama kisa hiki kimeacha kinyongo kati ya watu wawili hasa, zungumzeni wawili hao peke yenu kabla ya kukutana kikundi kizima, kwa sababu sheria za punguzo la madhara haziwezi kuwasuluhishia hilo.

Mwisho, kama mna mpango wa kuhamia toleo la tano, lililotoka mwaka 2014, msiyabebe majibu haya. Huko viumbe wengi hawatoi namba katika pigo. Wana ukinzani unaogawa madhara kwa mbili, na panapokuwa na nyongeza au pungufu ya namba kamili, hiyo hufanywa kwanza ndipo igawanywe. Pigo la 25, likipunguzwa 5 na kitu kingine, huwa 20, kisha 10.